"Mfumo Umekataa": Haki ya Mwananchi Pale Uamuzi Unapotolewa na Kompyuta

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayeomba mkopo kwa simu ya mkononi saa nane za usiku hupata jibu kabla hajaiweka simu chini. Jibu likiwa la kukataliwa, hakuna ofisa aliyekaa mezani akasoma ombi lake, wala hakuna kamati ya mikopo iliyokutana usiku huo. Programu ya kompyuta imepitia kumbukumbu za matumizi yake ya simu, miamala yake na marejesho yake ya nyuma, ikampa alama, na alama hiyo ikatosha kumnyima. Huduma za namna hii zilianza kuzoeleka katika ukanda wetu Novemba 2012, M-Shwari ilipozinduliwa nchini Kenya, ikafuatiwa na M-Pawa hapa Tanzania mwaka 2014. Tangu wakati huo wananchi wengi wamezoea jibu lisilo na mtu wa kuulizwa, nalo limepata hata msemo wake madirishani: mfumo umekataa.

Wengi hulipokea jibu hilo kama mtu anavyopokea mvua. Sheria, hata hivyo, hailichukulii hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa jambo hili moja kwa moja katika kifungu cha 36. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mhusika wa taarifa, yaani mtu ambaye taarifa zake zinatumika, anaweza kumtaka mkusanyaji wa taarifa ahakikishe kwamba uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa hautokani na uchakataji wa kiotomatiki pekee. Endapo uamuzi wa aina hiyo umekwisha kutolewa na mashine peke yake, mkusanyaji anawajibika kumjulisha mhusika kwamba ndivyo ulivyofikiwa, na mhusika anaweza kutaka uangaliwe upya. Haki hiyo ina mipaka: yapo mazingira ya mkataba, ya ridhaa ya mhusika na ya uamuzi ulioruhusiwa na sheria nyingine ambamo haitumiki kwa namna hiyo hiyo.

Kenya ina masharti yanayofanana na hayo katika kifungu cha 35 cha sheria yake ya mwaka 2019, na nchi za Umoja wa Ulaya zimeyaweka katika ibara ya 22 ya kanuni yao ya ulinzi wa taarifa iliyoanza kutumika Mei 2018. Ufaransa ilitangulia zote: tangu Januari 1978 ilikwisha kupiga marufuku mahakama kutoa hukumu kwa kutegemea uchakataji wa kompyuta pekee, wakati ambapo kompyuta kubwa ziliweza kujaza chumba kizima. Kwa nini mataifa yenye mila tofauti za kisheria yamefikia karibu sharti lile lile? Jibu linapatikana katika namna binadamu anavyoiamini mashine, na katika yaliyowapata watu pale imani hiyo ilipozidi kipimo.

Lugha ya utumishi wa umma ina neno linalosaidia kuielewa hoja hii, nalo ni kukasimu. Mkuu wa taasisi anapokasimu madaraka yake kwa ofisa wa chini, anampa kazi ya kufanya, anamwekea mipaka, na anabaki na uwezo wa kuyarejesha madaraka hayo. Yakiharibika, yeye ndiye atakayeulizwa. Tunapoikabidhi kompyuta kazi tunafanya kitendo hicho hicho, ila mara nyingi tunaikabidhi kazi bila kuandika mipaka yake, na baada ya muda hakuna anayekumbuka namna ya kuirejesha. Ofisa aliyekuwa akijua kuikokotoa hesabu kwa mkono amestaafu, na aliyepo anajua kubonyeza tu.

Si kila ukasimishaji wa namna hii ni wa hatari. Namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ni mfano wa kazi iliyokabidhiwa kwa kompyuta kwa faida ya wazi: fedha haipiti tena mkononi mwa mtu dirishani, na kila malipo yana alama yake. Lakini kazi hiyo ni nyembamba. Mfumo unahesabu na kutunza kumbukumbu, haumhukumu mtu. Mambo hubadilika pale kompyuta inapotoka kwenye kuhesabu ikaingia kwenye kuamua nani ana haki, nani anadaiwa na nani amekosa.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Sheridan na William Verplank, walipokuwa wakichunguza mitambo inayoongozwa kutoka mbali chini ya bahari, walipanga ngazi kumi za uhuru wa mashine. Katika ngazi ya chini kabisa binadamu anafanya kila kitu. Kadiri unavyopanda, mashine inapendekeza njia kadhaa; kisha inapendekeza moja; kisha inatekeleza ikiwa binadamu ameafiki; kisha inatekeleza isipokuwa binadamu aizuie ndani ya muda mfupi. Katika ngazi ya kumi inaamua yote na kumpuuza binadamu. Orodha hiyo bado ina manufaa kwa yeyote anayenunua au kusimamia mfumo, kwa kuwa inamlazimisha kujibu swali ambalo wauzaji wa mifumo hawapendi kuulizwa: mfumo huu uko ngazi ya ngapi, na ni nani aliyeruhusu ufike hapo?

Kisa kinachoonesha vizuri zaidi gharama ya kutolijibu swali hilo kilitokea Uingereza. Kuanzia mwaka 1999, Shirika la Posta la nchi hiyo lilifunga katika ofisi zake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL iliyokuwa chini ya Fujitsu ya Japani. Ofisi nyingi za posta ziliendeshwa na mawakala, wengi wao wakiwa wenye maduka ya kawaida vijijini na mitaani, ambao mkataba uliwataka kufidia upungufu wowote wa fedha. Muda si mrefu baadhi yao wakaanza kuona upungufu wasiouelewa. Jioni wanafunga hesabu, skrini inasema zimepungua pauni elfu kadhaa. Wanahesabu tena, jibu ni lile lile au limeongezeka. Walipopiga simu ya msaada, wengi waliambiwa kuwa wao peke yao ndio wenye tatizo hilo nchi nzima.

Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa makosa ya wizi, udanganyifu na kuandika hesabu za uongo, na takriban 700 kati yao walishtakiwa na Shirika la Posta lenyewe, kwa kuwa lilikuwa na uwezo wa kufungua mashtaka. Wapo waliofungwa, akiwamo mwanamke aliyekuwa mjamzito. Wapo waliofilisika baada ya kutumia akiba yao na nyumba zao kulipa deni ambalo halikuwapo. Wapo waliojiua. Vijijini, ambako wakala wa posta ni mtu anayejulikana na kila mmoja, majirani walivuka barabara kuwakwepa.

Ushahidi mkuu dhidi ya watu hao ulikuwa kompyuta. Hapo sheria yenyewe ilichangia. Sheria ya ushahidi ya mwaka 1984 ilimtaka anayeleta mahakamani maelezo yaliyotoka kwenye kompyuta athibitishe kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Mwaka 1999 Bunge la Uingereza lilifuta sharti hilo kwa sababu lilionekana kuwa mzigo usio wa lazima, na mahakama zikarejea kwenye dhana kwamba kompyuta iko sawa mpaka itolewe sababu ya kuonesha vinginevyo. Ni mwaka ule ule Horizon ilipoanza kufungwa. Kuanzia hapo, wakala aliyedai kwamba mfumo una kasoro alitakiwa kuonesha kasoro hiyo, ilhali kumbukumbu za ndani za mfumo zilikuwa mikononi mwa waliomshtaki na kampuni iliyoutengeneza. Mtu anawezaje kuthibitisha ubovu wa kitu asichoruhusiwa kukifungua?

Ukweli ulijitokeza kwa sababu mawakala walitafutana. Wakiongozwa na Alan Bates, aliyepoteza ofisi yake huko Wales, watu 555 walifungua shauri la pamoja katika Mahakama Kuu. Desemba 2019 Jaji Peter Fraser alitamka kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kuzalisha upungufu wa uongo, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kutoka mbali na kubadili hesabu za wakala bila yeye kujua. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa siku moja. Mei 2024 Bunge lilitunga sheria ya kuzifuta kwa mkupuo hukumu zilizosalia za England, Wales na Ireland ya Kaskazini, jambo ambalo mabunge hulifanya kwa nadra sana kwa kuwa kufuta hukumu ni kazi ya mahakama.

Inafaa kuzingatia ni kazi gani hasa iliyokasimiwa hapo. Shirika la Posta lilidhani limeikabidhi kompyuta kazi ya kuhesabu. Kwa vitendo liliikabidhi pia kazi ya kujua nani ni mwizi, maana namba ilipotoka kwenye mfumo, neno la mtu aliyehudumu miaka ishirini halikuwa na uzito tena mbele yake.

Sheria zetu hazikuliacha eneo hili wazi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa au kutumwa, na jinsi uadilifu wake ulivyolindwa. Kwa hiyo karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta haipati heshima kwa kuwa tu imechapwa.

Horizon ilikuwa mashine yenye kasoro, na msomaji anaweza kudhani kwamba mfumo usio na kasoro usingeleta madhara. Australia inatoa jibu tofauti. Kati ya mwaka 2015 na 2019 Serikali ya nchi hiyo ilitumia mpango uliokuja kujulikana kwa jina la Robodebt kuwadai watu waliowahi kupokea posho za ustawi wa jamii. Kabla ya hapo, taarifa za kodi zilipotofautiana na taarifa za mpokeaji posho, ofisa alifuatilia, na aliweza kumuuliza mwajiri. Mpango mpya uliiachia kompyuta ilinganishe taarifa hizo na kutoa barua ya deni.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Posho hulipwa kila wiki mbili, na mwaka una vipindi 26 vya namna hiyo. Kompyuta ilichukua kipato cha mwaka kilichoko kwenye taarifa za kodi ikakigawa kwa 26. Chukua mtu aliyefanya kazi nusu ya kwanza ya mwaka akapata dola 26,000, kisha akakosa kazi na kupokea posho nusu iliyosalia, kama alivyostahili. Mgawanyo ule unaonesha kwamba alipata dola 1,000 kila baada ya wiki mbili mwaka mzima, zikiwamo wiki ambazo hakuwa na senti. Kwa hesabu hiyo, mtu huyo anaonekana alidanganya na anadaiwa arejeshe posho. Asipokubali, ni juu yake kutafuta hati za mshahara za miaka iliyopita ili kujitetea.

Mashine haikukosea hata tarakimu moja. Iligawa kama ilivyoagizwa. Aliyekosea ni aliyeagiza, na waliokuja baada yake wakaendelea kwa kuwa barua zilikuwa zikitoka. Novemba 2019 Serikali ya Australia ilikiri mahakamani kwamba deni lililokokotolewa kwa wastani huo halikuwa na msingi wa kisheria. Baadaye mahakama ilieleza kwamba watu wapatao 433,000 walidaiwa isivyo halali zaidi ya dola za Australia bilioni 1.7. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Catherine Holmes, jaji mkuu mstaafu wa jimbo la Queensland, iliwasilisha taarifa yake Julai 2023 na kupendekeza, pamoja na mengine, kwamba popote kompyuta inapotumika kuamua haki za watu, wananchi waelezwe hivyo kwa lugha nyepesi, iwepo njia ya wazi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, na kanuni za ukokotoaji ziweze kuchunguzwa na wataalamu wa nje.

Msomaji makini ataona kwamba mapendekezo hayo yanakaribiana sana na maneno ya kifungu chetu cha 36.

Upo upande mwingine wa suala hili ambao hauhusu ofisi wala mahakama, bali uwezo wa binadamu kuirudisha kazi mikononi mwake. Machi 10, 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 302, iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Dakika sita hivi baadaye ilianguka na kuua watu wote 157 waliokuwamo, wakiwamo Wakenya 32. Ilikuwa Boeing 737 MAX, aina ile ile iliyoanguka Indonesia Oktoba 29, 2018 na kuua watu 189. Katika ndege zote mbili programu iliyoitwa MCAS, ikitegemea kihisi kimoja kilichotoa taarifa zisizo sahihi, iliendelea kuisukuma pua ya ndege chini huku marubani wakipambana kuiinua. Kabla ya ajali ya Indonesia, marubani hawakuelezwa katika vitabu vyao vya mafunzo kwamba programu hiyo ipo.

Ndege hizo zilizuiwa kuruka duniani kote, na marekebisho yaliyofanywa yanasomeka kama barua ya kukasimu iliyoandikwa upya. Sasa programu inasoma vihisi viwili na kujizuia vikitofautiana. Inasukuma mara moja tu badala ya kurudiarudia. Na haipewi nguvu inayozidi ile ambayo rubani anaweza kuishinda kwa mikono yake. Mashine imebaki, lakini uhuru wake umewekewa mipaka.

Hapa ndipo haki ya kutaka uamuzi uangaliwe upya inapohitaji kusomwa kwa makini, maana kumweka binadamu mwishoni mwa mfumo hakutoshi. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Uingereza Lisanne Bainbridge aliandika makala fupi kuhusu kinyume kilichomo katika mitambo inayojiendesha: kadiri mtambo unavyoaminika, ndivyo msimamizi wake anavyopoteza ujuzi wa kuifanya kazi mwenyewe, ilhali anatarajiwa kuiokoa hali siku mtambo utakaposhindwa, tena siku hiyo ikiwa ngumu kuliko zote. Kilichosemwa kuhusu viwanda kinafaa ofisi vile vile. Ofisa anayepitishiwa majalada mamia kwa siku, yote yakiwa na pendekezo la kompyuta, na ambaye akilikataa pendekezo hutakiwa kuandika maelezo lakini akilikubali haulizwi, atalikubali. Jina lake litakuwa kwenye uamuzi, ila uamuzi utakuwa wa mashine. Mapitio yanayokusudiwa na sheria hayawezi kuwa ya aina hiyo. Anayepitia anapaswa kuziona taarifa zilizotumika, kumsikiliza mhusika na kuwa na mamlaka ya kutengua.

Ni kweli pia kwamba ipo hasara ya kutoiamini mashine inayostahili kuaminiwa. Watafiti Raja Parasuraman na Victor Riley walilieleza hilo mwaka 1997, wakionesha kwamba mtu anayezima king'ora kwa sababu kilimsumbua jana anaweza kufa kwa ajali ambayo king'ora kingemwonya leo. Mwananchi anayekataa kila huduma ya kielektroniki na kurudi kwa dalali wa mtaani hajajilinda. Imani inayofaa ni ile inayolingana na uwezo wa mfumo, na uwezo huo haujulikani kwa kuutazama tu. Hujulikana kwa kuuliza na kupata majibu.

Kwa vitendo, mwananchi aliyepata uamuzi wenye athari kubwa kwake, kwa mfano kunyimwa mkopo, kuondolewa katika orodha ya wanufaika au kukataliwa kazi, na anayehisi kwamba hakuna mtu aliyeshughulikia suala lake, anashauriwa kuiandikia taasisi husika na kuuliza mambo matatu: iwapo uamuzi ulitokana na uchakataji wa kiotomatiki pekee, taarifa zake zipi zilitumika, na utaratibu gani unatumika kuuangalia upya. Mara nyingi shida huwa ndogo kuliko inavyodhaniwa, kama jina lililoandikwa kwa herufi tofauti katika nyaraka mbili au namba ya simu iliyowahi kumilikiwa na mtu mwingine mwenye deni. Sheria inampa mhusika haki ya kutaka taarifa zisizo sahihi zirekebishwe, na aliyepata madhara kwa sababu masharti ya Sheria yamekiukwa anaweza kudai fidia.

Taasisi isiporidhisha, malalamiko huwasilishwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chombo kilichoundwa chini ya Sheria hiyo na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Mlalamikaji atunze nakala ya barua aliyoandika, majibu aliyopewa, na ujumbe wa awali wa kukataliwa ukiwa na tarehe na saa yake. Ujumbe wa simu hufutika kwa urahisi, hivyo ni vyema ukapigwa picha siku ile ile ulipoingia. Ofisa wa dirishani naye, anapoulizwa sababu, atoe jina la kitengo kinachosimamia mfumo huo na mahali barua inapopokelewa.